Mke Aliyekwenda Sokoni

Mtu aliyepotelewa na mke hanyoi ndevu. Ndivyo alivyosema Sajenti walipofika gatini asubuhi ile na kumkuta mzee wa watu juu ya mashua yake, kioo kakiegemeza kwenye mlingoti, povu limemjaa shavuni, wembe unapita taratibu.

"Afande, unaona mwenyewe," Sajenti alinong'ona. "Huyo kashamaliza kazi. Mimi mama watoto angepotea, hata suruali ningeivaa nyuma mbele."

"Yako huwa nyuma mbele hata siku za amani," Inspekta alimjibu. "Nenda kaangalie zile kamba zimefungwaje, halafu unifuate."

Sajenti alikuwa mtu mzima, tumbo limemtangulia, anangoja kustaafu, na kesi yoyote aliipenda iishe kabla ya chakula cha mchana. Inspekta yeye, kituoni walimwita Bi Pole. Wala si kwa upole. Neno lake la kwanza kwa mshukiwa lilikuwa "pole" siku zote, na waliowahi kupewa pole hiyo, wengi wao walilala ndani.

Maelezo ya kesi yalikuwa mafupi. Mume na mke, wote wastaafu, yeye daktari wa meno na mkewe mkunga, walikuwa wakisafiri kwa mashua yao ya tanga wakiifuata pwani, mji hadi mji. Jana alasiri walifika hapa kupumzika na kujaza maji. Leo alfajiri mume alikwenda kituoni, akasema mkewe alishuka jana ile ile, mara tu walipofunga mashua, kwenda sokoni. Hakurudi. Mlinzi wa gati akaulizwa, akasema ndiyo, alimwona mama akipita, kajifunga kitambaa cha kijani. Basi tangu hapo askari walikuwa wanalipekua soko, meza kwa meza, na Mkuu wa kituo, ambaye hakuamini soko wala kijani, alikwisha tia wapiga mbizi majini. Amri yake kwa Inspekta ilikuwa moja: kabla jua halijawa utosini, ama mke apatikane, ama mume afungiwe.

Bandari yenyewe ilikuwa imepooza. Msimu wa wageni ulikwisha, vibanda vya vinywaji vimefungwa kwa minyororo, na katika gati lote lililojengwa kupokea mashua tele, ilikuwepo moja tu, mwishoni kabisa, kama jino la mwisho la kikongwe. Upepo ulikuwa unagongagonga bati mahali fulani na hakuna aliyekwenda kulishika.

"Pole, Daktari," Inspekta alisema, akapanda.

Mzee alifuta povu. "Karibu, mama. Samahani, nilikuwa najiweka sawa. Najua mtanichukua. Sipendi kwenda mahali nikiwa mchafu."

"Kwa nini tukuchukue?"

"Mke akipotea, huchukuliwa mume. Si ndivyo?"

"Mara nyingi ndivyo," Inspekta alikubali, akakaa kwenye ubao bila kuombwa. "Alivaa nini?"

"Gauni."

"La rangi gani?"

Mzee alitazama maji. Alijaribu kweli; ilionekana usoni jinsi alivyokuwa akitafuta, kama mtu anayepapasa mifuko yote akitafuta funguo. "Sikumbuki," alisema mwishowe.

"Na kichwani?"

"Sikumbuki, mama."

"Alichukua nini mkononi?"

"Kikapu. Alisema anakwenda kununua vitu vidogo vidogo."

"Alisema kwa maneno gani?"

Huyu mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kuwaambia wenzake wafungue midomo, wa kwake ulikuwa mzito kufunguka.

"Mkiingia bandarini, nani hushika usukani?"

"Mimi."

"Na kamba?"

"Yeye. Mashua ikikaribia, anaruka gatini na kamba, anafunga. Hiyo ndiyo kazi yake tangu tuinunue."

"Na jana?"

"Jana vilevile," alisema upesi mno.

Sajenti alikuwa amekwisha rudi. Alimwinamia Inspekta sikioni na kumpa habari za kamba. Ile iliyofungwa gatini ilikuwa fundo juu ya fundo, kama mzigo wa mtu anayehama kwa hasira. Kamba nyingine, iliyokuwa nyuma na haikutumika, ilikuwa imekunjwa duara safi, mwisho wake umefungwa kifundo kidogo cha kupendeza. Tena ubavuni rangi ya mashua ilikuwa imechubuka hadi mbao, na mchubuko ulikuwa mpya.

"Mikono miwili tofauti," Inspekta alisema kwa sauti ya chini.

"Mmoja wa muuaji," Sajenti alimalizia.

Walishuka ndani. Chini palikuwa na jiko dogo, kitanda kimoja chembamba upande wa usukani, na mbele kabisa mlango wa chumba cha pili, umefungwa. Kila kitu kilikuwa kimoja kimoja: taulo moja kwenye msumari wa jiko, mto mmoja kitandani, kiti kimoja. Inspekta aliyekuwa akiishi peke yake alikijua chumba cha namna hiyo, ila hakutarajia kukikuta kwa watu wawili.

Kikapu kilikuwa kinaning'inia juu ya jiko. Inspekta alikigusa tu, kikabembea, na mzee akainamisha kichwa.

"Labda alikuwa na kingine," mzee alisema.

"Labda."

Mbele ya ule mlango, sakafuni, palikuwa na sinia. Juu yake vikombe viwili vimefunikwa visosi, na sahani ya mkate na yai. Yai lilikuwa limekauka pembeni. Inspekta aliinua kisosi cha kwanza: chai, imejaa mpaka juu, imefanya utando. Cha pili hivyo hivyo.

"Hii ya nani?"

"Yake."

"Ya lini?"

"Jana. Moja mchana, tukiwa njiani. Nyingine baadaye kidogo."

"Na hakunywa yoyote."

"Kuna siku hanywi."

"Ukamwuliza kwa nini?"

Inspekta alifungua mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu ya kijimeza palikuwa na miwani ya kusomea, simu iliyochomekwa chaji, na pochi yenye kitambulisho na fedha zake. Viatu vya kutokea vilikuwa vimepangwa chini, vidole vikitazama mlangoni. Nyuma ya mlango kulikuwa na misumari mitatu, mmoja una khanga, mingine mitupu.

"Hapa huwa pana nini?"

Mzee alichungulia kutoka nje, hakukanyaga kizingiti. "Kofia yake. Na mwavuli. Ule mwavuli mweupe, jua likiwa kali."

"Na ndala? Sioni ndala."

"Za mpira. Za kukanyagia mawe. Zilikuwa... huwa zipo hapo."

Inspekta alitoka nje, Sajenti nyuma yake anahema kama aliyepanda mlima.

"Soko limekufa," alisema Sajenti walipokuwa peke yao gatini. "Mwanamke gani anakwenda sokoni bila kikapu, bila pochi, bila simu, na viatu kaviacha? Huyu mzee kamtupa njiani. Nimfunge?"

"Kamtupa na mwavuli wake?"

Sajenti alijifuta jasho.

"Na kofia? Mtu akikusukuma baharini, unamwambia subiri kwanza nivae kofia?"

"Labda alivua vitu akavitupa yeye, kupoteza ushahidi."

"Akaacha kikapu, akaacha pochi, akaacha simu, akatupa mwavuli. Muuaji wa namna hiyo hata jela hatumtaki." Inspekta alianza kutembea. "Twende kwa mtu aliyeona kitambaa cha kijani."

Mlinzi wa gati alikuwa na kibanda cha mbao, kiti cha plastiki na redio iliyofungwa kwa mpira. Alisimama wima walipoingia, akapiga saluti ambayo hakuna aliyemdai.

"Pole na kazi," Inspekta alisema.

"Asante, afande."

"Jana mashua ilipofika ulikuwa umekaa hapa?"

"Hapa hapa. Kwenye kiti hiki."

"Nami nikae kidogo, miguu inaniuma." Alikaa, akatazama mlangoni. Mbele yake lilisimama tangi kubwa la mafuta, jipya, limepakwa rangi nyeupe. Juu ya tangi ilionekana ncha ya mlingoti, basi. "Kutoka hapa ulimwonaje?"

"Alipita mbele yangu, afande."

"Kitambaa cha kijani."

"Kijani kabisa."

"Mumewe anasema kilikuwa chekundu."

Mlinzi aliona haya kidogo, akajirekebisha haraka. "Kuna kijani inayokwenda kwenye wekundu..."

"Mumewe hajasema kitu. Hajui hata alivaa nini." Inspekta alisema hayo bila kupandisha sauti. "Kaka, mimi si bosi wako. Sina haja na kibarua chako. Lakini kuna mama wa watu hayupo, na askari wanafunua magunia sokoni kwa ajili ya kitambaa chako. Kama yuko hai mahali pengine, jua hili linamla. Ulikuwa wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia pale pale kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa kwenye duka la mafuta, pale pale bandarini, akitazama mpira kwenye runinga. Leo alfajiri mzee alikuja akamwuliza: ulimwona mke wangu akipita kwenda sokoni? Angesema hapana, angeulizwa alikuwa wapi. Akasema ndiyo. Askari walipokuja kuuliza kajifunga nini, ikabidi amfunge kitu.

"Kwa hiyo uongo wako umeegemea wa kwake," Inspekta alisema, "na wa kwake umeegemea wako, kama walevi njiani. Sasa niambie cha kweli. Ulisikia nini?"

"Nilisikia kishindo. Mashua iligonga gati vibaya. Na sauti, mzee alikuwa anapiga kelele."

"Anagombana na mtu?"

"Hapana, anaita. 'Mama, kamba. Mama, kamba.' Mara nyingi. Nikatoka kuangalia. Nikamwona anaacha usukani, anaruka mwenyewe, nusura atumbukie. Akafunga kwa kuhangaika, kisha akashuka ndani."

"Halafu?"

"Akakaa kule ndani sana. Alipotoka alikaa pale mbele, miguu inaning'inia majini. Nilipopita nikamsalimia, hakuitika. Nikasema labda ni kiziwi."

"Mwanamke hukumwona hata kidogo?"

"Hata kivuli, afande. Ningekuwa nimemwona nisingebuni kitambaa."

Wakarudi kwenye mwanga. Sajenti alikuna kidevu.

"Labda alikuwa anaigiza," alisema. "Anaita ili watu wasikie."

"Watu gani? Gati tupu. Shahidi wake pekee alikuwa mpirani." Inspekta alisimama. "Sajenti, mtu aliyemuua mkewe hamwiti aje kushika kamba. Huyu mzee alifika hapa akiamini mkewe yumo ndani. Alimpikia chai njiani akiamini yumo. Alikuja kujua hayumo alipofika gatini, akiwa na kamba mkononi."

"Sasa anadanganya nini?"

"Hilo tumwulize yeye. Upesi."

"Leo wewe ndiye unayeharakisha," Sajenti alisema. "Haraka haraka haina baraka, afande, umenifundisha mwenyewe."

"Na ngoja ngoja yaumiza matumbo. Tembea."

Mzee alikuwa amekaa pale pale. Alikuwa amemaliza kunyoa, amevaa shati safi na vifungo vyote amefunga hadi shingoni.

"Pole tena, Daktari. Mkeo hakushuka hapa."

Hakubisha. Mabega yalimshuka tu.

"Nimesikia ulivyokuwa unamwita. Ukashuka ukafungua ule mlango, ukakuta kitanda kimetandikwa. Ukadhani nini?"

"Kwamba kaanguka." Sauti ilikuwa ndogo. "Kwamba kaanguka majini, mimi nimempa mgongo, sijui wapi, sijui saa ngapi. Bahari yote ile. Ningesema nini kituoni? Mke wangu alikuwemo, sasa hayumo, sijui tangu lini? Nani angeamini? Nikakaa mpaka alfajiri nikitafuta neno la kusema, nikapata soko."

"Mlikuwa mmegombana?"

"Hatujagombana hata siku moja." Alisema hivyo kwa uchungu, si kwa fahari. "Wagombanao ndio wapatanao, mama. Sisi hatukuwa na hata hilo. Binti yetu wa mwisho alipoolewa, nyumba ilinyamaza. Kumbe miaka yote tulikuwa tunaongea na watoto. Mimi naweka chai mlangoni, yeye ananifulia mashati. Hakuna ubaya. Watoto ndio walioshauri safari. Walisema mkikaa wawili baharini mtaongea, mtake msitake."

"Mkaongea?"

"Tukaizoea na bahari."

Sajenti, ambaye nyumbani kwake kelele hazikatiki, alisogea kando akajifanya anaangalia wapiga mbizi.

Inspekta aliinama mpaka macho yao yakakutana. "Sasa nisikilize vizuri. Sitaki habari za chai. Chai hujui hata kama aliiona. Nataka mara ya mwisho ulipomwona yeye mwenyewe, kwa macho."

Mzee alifumba macho. "Asubuhi ya jana. Tulikuwa tumetia nanga kwenye kijisiwa, tumelala hapo. Alikuwa jikoni, anasuuza kikombe."

"Halafu?"

"Mimi nikajilaza. Nilipoamka maji yalikuwa yamejaa tena na upepo ulikuwa mzuri. Mlango wake umefungwa. Nikang'oa nanga tukaondoka."

"Hukugonga?"

"Huwa hatugongi." Alifungua macho. "Bahari ikichafuka kidogo hujifungia, huumwa kichwa. Nilidhani kalala."

"Ulipojilaza, maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa?"

"Yanakupwa. Kina kilikuwa kifupi, nilikuwa naona mchanga chini."

"Mtu angeweza kutembea mpaka ufukoni?"

"Maji ya magoti," mzee alisema, na hapo hapo alisikia alichokisema.

"Kofia. Mwavuli. Ndala za kukanyagia mawe," Inspekta alisema. "Mtu haanguki baharini na vitu hivyo, Daktari. Anajiandaa navyo. Mkeo alishuka kutembea ukiwa usingizini, akafunga mlango wake nyuma yake kama kawaida yake. Ukaondoka ukamwacha."

Mzee alisimama, akakaa, akasimama tena. "Basi yupo? Yuko hai?"

"Jana alikuwa hai. Kisiwani kuna maji? Kuna watu?"

"Hakuna kitu. Mawe na vichaka." Aliifungua ramani ya pwani, akaweka kidole kwenye nukta, kikatoka, akakirudisha. "Ni hapa. Jana mchana kutwa, usiku, na jua la leo... Mungu wangu, na mimi nimewapeleka sokoni."

"Ndiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila hapa maradhi ni yako na kifo tunamwombea mwenzako kisimfike. Sajenti, mwambie Mkuu aondoe watu sokoni. Boti ya doria, muuguzi, maji."

"Nami nakuja," mzee alisema, mguu mmoja ukiwa tayari gatini.

Boti ya doria ilikuwa ndogo. Inspekta aliitazama, akamtazama yeye. "Nafasi iliyobaki ni ya mkeo," alisema.

Wakamwacha amesimama.

Boti ilikwenda mbio, ikipiga mawimbi kwa tumbo. Muuguzi, dada mwembamba, alikuwa amekumbatia galoni la maji kama mtoto. Jua lilikuwa limefika utosini na bahari ilikuwa tupu pande zote; hata ndege hapakuwa na ndege. Inspekta alijiambia kwamba mkunga ni mtu anayejua kungoja, anayejua mwili unataka nini. Kisha akajiambia kwamba mwili unataka maji.

Kijisiwa kilitokea kidogo kidogo, kigongo cha mawe chenye vichaka vilivyoinama upande mmoja. Mwavuli mweupe waliuona kwanza. Ulikuwa umebanwa kati ya mawe mawili, umefunguka, na chini yake kuna chupa ndogo ya plastiki iliyokauka. Mtu hapakuwa na mtu.

"Mama," Sajenti aliita. "Mama, tumekuja." Aliita tena na tena, sauti ikaenda vichakani ikapotea.

Inspekta aliweka kiganja chini ya mwavuli. Mchanga ulikuwa umebonyea, alama ya mtu aliyekaa sana, na kutoka hapo nyayo za ndala zilikuwa zimekwenda kwa kukimbia. Zilikwenda mbali na ufuko walikofikia.

"Ametusikia," alisema. "Alisikia injini akakimbia. Sajenti, nyamaza. Sauti ya mwanamume inamtisha."

Alizifuata nyayo peke yake mpaka nyuma ya jabali. "Pole, mama," alisema, bila kumwona mtu. "Mimi ni askari, mwanamke. Tumekuja na muuguzi na maji. Mumeo hayumo."

Kisha mama mmoja mfupi akatoka nyuma ya kichaka, kofia usoni, midomo imepasuka, gauni la buluu limekakamaa kwa chumvi. Mkononi alikuwa ameshika jiwe la kutosha kuua. Hakuliachia mpaka alipomwona muuguzi, na hata alipokuwa akinywa, kwa mafunda madogo madogo kama mtu anayejua kazi, alikuwa bado analo kwenye mapaja.

"Mmemkamata?" aliuliza mara sauti ilipomrudia.

"Tumkamate kwa nini, mama?"

"Mwanangu, nilikuwa nimesimama pale." Alionyesha mwamba. "Nilimwona anang'oa nanga. Nilimwita. Nilidhani upepo unachukua sauti, nikapunga mwavuli. Akanipa mgongo akaenda. Sikupata usingizi. Nilijua atarudi kumalizia, ndiyo maana niliposikia injini nikajificha."

Inspekta alishusha pumzi. Alikuwa na habari njema, na habari njema katika kazi yake zilikuwa chache, akaitoa kwa furaha. "Mama, hakukusudia. Hakukuona wala hakukusikia. Alidhani umelala chumbani kwako. Ni bahati mbaya tu."

Yule mama alimtazama. "Alidhani nimo ndani."

"Ndiyo."

"Mpaka bandarini."

"Ndiyo, mama. Hata chai alikuwekea mlangoni. Mara mbili."

"Nayo ikapoa hapo."

"Ndiyo."

"Akajua lini kwamba simo?"

Sajenti alijiinamia kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Inspekta alifikiria kusema uongo mdogo, wa huruma, lakini asubuhi nzima alikuwa amevunja uongo wa watu na hakuona njia ya kuanza wake. "Alipotaka kufunga mashua," alisema. "Alikuita ushike kamba."

Yule mama aliliweka jiwe chini. Aliliweka taratibu, kama anayemlaza mtoto, kisha akajifuta viganja kwenye gauni. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Afadhali imekuwa hivyo, mama," Sajenti alisema kwa nia njema. "Afadhali bahati mbaya."

"Afadhali kwako wewe, baba." Hakumwangalia. "Mimi usiku kucha nilimwogopa yule mzee. Nikasema, kumbe ananichukia hivi. Kumbe chini ya kimya kile chote kuna hasira, amekaa nayo, ameipanga, ananiwazia mchana na usiku. Niliogopa, lakini nilijiona ni mtu. Miaka mingi sijamwogopa, sijamfurahia, sijamwona akinitazama. Ningependa angekusudia."

Muuguzi alimpa maji mengine, naye akanywa. Wakamshika mikono, wakampandisha botini, wakamfunika shuka, ingawa jua lilikuwa bado kali.

Walipokaribia bandari, mzee alikuwa amesimama kwenye ncha ya gati. Alikuwa peke yake pale, na alipoona kichwa cha tatu cha mwanamke kwenye boti alianza kupunga kwa mikono yote miwili, akilitaja jina lake, jina lenyewe la ujanani, si mama wala mama watoto. Sajenti, aliyeshika usukani, alipunguza injini ili wafike pole pole.

"Bandari yenu ina ngazi nyingine?" mama aliuliza.

"Iko ya wavuvi," Inspekta alisema, "upande wa pili."

Mama alitazama ncha ya gati. Alitazama kwa muda, mkono ukikinga macho.

"Ananiona?"

"Anakuona, mama."

"Vizuri," alisema. "Basi msisimame."

Sajenti alimtazama Inspekta, naye akaitikia kwa kichwa. Sajenti akaongeza moto, wakapita.